Magauni Kumi na Sita ya Abla Insaf

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye na sufuria motoni, apunguze moto kwanza. Leo tunamkumbuka Abla Insaf Abul-Khair, "Abla" kama tunavyowaita walimu wetu wa kike, aliyefundisha lugha katika shule ya kati ya wasichana hapa Damanhur. Alifariki Jumamosi iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na nane. Thelathini na moja kati ya hiyo aliimalizia darasani, akifundisha tashbihi, sitiari na ndugu zao.

Na alizifundisha kwa mchezo.

Mchezo wenyewe mnaujua. Ni kafia, ile ya wanaume wa mikahawani. Baba yake alikuwa na mkahawa karibu na stesheni, na Insaf mdogo aliosha gilasi nyuma ya kaunta huku masikio yakiwa kwa wateja. Mmoja anataja kitu cha mwenzake: "Pua yako!" Mwenzake sharti aulize, "Kivipi?" Hapo ndipo jibu la utani linashuka, na sharti litoke kwenye mada ya siku, na mkahawa mzima unaangua kicheko.

Alipokuwa mwalimu, akaubeba mchezo huo mzimamzima hadi darasani. Mwalimu mkuu akaja juu. "Mambo ya wahuni haya, mbele ya mabinti za watu?" Abla Insaf akamwambia, "Bwana mkuu, kitabu kimewalaza. Niache mimi niwaamshe."

Aliweka sharti moja. Moja tu, wasikilizaji wangu. Anayepigwa vijembe ni mwalimu. Wasichana wanarusha, yeye anauliza "Kivipi?" na kupokea. Mwanafunzi haguswi.

Basi mngewasikia! Leo mada ni treni. "Mdomo wako, Abla!" "Kivipi, mwanangu?" "Treni ya asubuhi, haisimami hata stesheni!" Wanacheka, naye anacheka, kisha anagonga meza. "Haya, kuna neno 'kama' hapo? Hakuna. Kwa hiyo ni nini?" "Sitiari, Abla!" Hata wale wa nyuma kabisa, waliokuja shuleni kumalizia usingizi, walijibu.

Bingwa wao alikuwa Wagida. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, ulimi mwepesi. Mama yake alifua nguo kwenye nyumba za watu. Abla Insaf alimpenda mtoto yule waziwazi, na wenzake waliona wivu. Alikuwa akisema ofisini, "Huyu atakuja kukaa kwenye kiti changu."

Sasa sikilizeni vizuri. Siku moja akaja mkaguzi. Akakaa nyuma na daftari lake, uso umekunjwa. Mada ya siku hiyo ilikuwa jikoni. Wagida akasimama. "Sauti yako, Abla!"

"Kivipi, Wagida?"

"Sufuria limeanguka, kifuniko bado kinazunguka!"

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Na Abla Insaf, wasikilizaji wapendwa, aliumia. Kwa miaka alikuwa amechekwa na watoto, haikumgusa. Lakini kuchekwa na mkubwa kazini! Damu ya mkahawani ikampanda. Akasahau sharti lake mwenyewe.

"Sare yako, Wagida!"

Ilikuwa haijawahi kutokea. Wagida naye, kwa kuwa mchezo ndio unavyotaka, akauliza kwa sauti ndogo, "Kivipi, Abla?"

"Kitambaa cha jikoni. Kimefuta meza za nyumba tatu kabla hakijafika kwako."

Ilikuwa kweli. Sare ile ilikuwa imevaliwa na mabinti wa nyumba tatu ambazo mama yake alifulia. Darasa likapasuka kwa kicheko. Mkaguzi akaandika, "Bora sana." Wagida akakaa chini taratibu, akaificha mikono ya sare chini ya dawati.

Hakucheza tena. Mwaka ulipokwisha hakurudi shule. Mama yake alimpeleka kwa fundi cherehani, na huko ndiko alikojifunza kazi. Abla Insaf alijua kosa lake jioni ileile. Alijua, na hakusema. Kwanza alijiambia ni mchezo tu. Baadaye akajiambia mtoto ameshasahau. Sharti lake hakulivunja tena.

Miaka ikaenda. Wagida akafungua duka lake la kushona, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba. Na kila mwaka, kabla ya sikukuu, Abla Insaf alimpelekea kitambaa amshonee gauni.

Binti yake, Safinaz, ameniambia: "Kabatini tumekuta magauni kumi na sita. Hajavaa hata moja! Nilikuwa namtania, 'Mama, unafungua duka au?' Ananijibu, 'Nyamaza wewe, hujui mavazi.'"

Kumi na sita, wasikilizaji wapendwa. Safari kumi na sita za kwenda kuomba msamaha, na kila safari alirudi na gauni. Kule dukani alikuwa anaanza hivi: "Wagida, mkono wako ni chemchemi, na mimi ni mtu niliyetia tope kwenye chemchemi." Wagida anainua futi yake ya kupimia. "Mungu akuweke, Abla. Mikono mirefu au mifupi?"

Mara ya mwisho ilikuwa Ramadhani hii. Alikuwa mgonjwa tayari, Safinaz amemshika mkono. Wagida akasimamisha cherehani. Akangoja. Abla Insaf akaanza habari za bustani, na mtunza bustani aliyekanyaga mche wake mwenyewe. Akaishia katikati, akalia. Wagida akamletea maji, kisha akampima kiuno.

Nilikwenda kumwona Wagida siku ya tatu ya msiba. Alinikaribisha chai. Alisema: "Nilielewa yote. Tope, bustani, yote! Si yeye ndiye aliyenifundisha kuelewa? Lakini mimi nilitaka neno la kawaida. 'Wagida, nilikukosea.' Basi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulisema. Na mimi ningeweza kumrahisishia. Nikakataa, nikasema ajikaze mwenyewe, mwakani atasema. Sasa mwakani ndiyo hiyo imekwisha."

Aliyasema haya bila kulia, uzi uko mdomoni.

Tunampa pole Safinaz, na wajukuu, na wote waliopita mikononi mwa Abla Insaf. Mungu amrehemu. Alikuwa mwalimu mzuri, na ninasikitika kwamba jambo moja lilimshinda. Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemuumiza na bado anapumua, usitafute maneno mazuri. Nenda nayo mabaya mabaya hivyohivyo.

Na mimi mtangazaji wenu sina haki ya kuwahubiria, kwa sababu nilikaa na Wagida saa nzima, nikanywa chai yake, na sikumwambia. Najua redio ya dukani huwa iko wazi saa hizi. Wagida, hukunikumbuka. Mimi ni Ibtihal, nilikaa dawati la nyuma yako. Siku ile nilicheka kuliko wote, na kwa mwezi mzima nilikuita Kitambaa. Nilikukosea. Nisamehe.