Simu ya Badjanani na Sarafu Inayorudi

Mgeni rasmi, ndugu Mroudjae, mkaguzi wa simu za umma: sisi akina mama wauza matunda na mboga wa Badjanani tunakupokea kwa mikono miwili. Tumesikia umekuja kukiaga kibanda chetu cha simu. Karibu hata hivyo, na kahawa ipo.

Historia

Wafaransa walipofungasha virago baada ya uhuru, simu hii ilinyamaza miezi mitano. Walioifufua ni vijana wa idara yako, bila vipuri, kwa vipande vya waya na subira. Tunawashukuru kwa dhati. Hatukuwa tumezoea kufanyiwa jambo kubwa hivyo bila kwanza kuzungushwa.

Mafanikio

Mzigo wetu hutoka Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Zamani tulishinda bandarini tukingoja chombo ambacho hata huko hakijaondoka. Sasa wenzetu wa huko wanatupigia. Simu ikilia mara mbili, chombo kimeondoka. Mara tatu, ni kesho. Mara nne, nyanya hakuna. Hakuna anayeinua, kwa hiyo sarafu ya mpigaji inamrudia mkononi. Sisi nasi tukiwapigia tunafanya vivyo hivyo. Sarafu moja imetutosha tangu Ramadhani, na watu wa Mvouni wameshatuiga. Tulijiona wajanja sana.

Matatizo

Barua yako inasema mapato ya kisanduku cha sarafu hayafikii hata nauli ya fundi, na kwamba Alhamisi simu itang'olewa. Ni kweli, na kosa ni letu. Hatukufikiri kwamba fundi naye anakula.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalotuuma. Wiki iliyopita simu ililia mara kumi na tisa. Tulisimama tukihesabu, tukiulizana maana yake nini. Mwenzetu Moinahalima akatania, "Labda wametuletea nyanya kumi na tisa." Tukacheka. Ikanyamaza.

Siku mbili baadaye nahodha akaleta habari. Aliyepiga ni mama yake Moinahalima. Ni mgonjwa, na alibebwa kwa kiti hadi kibanda cha Mutsamudu ili asikie sauti ya binti yake.

Ombi

Kuanzia leo tutainua simu na tutazungumza, na kisanduku kitapata haki yake. Kama idara imeshaamua, hatubishani nayo, maana imetutendea wema mwingi. Lakini mama huyo atabebwa tena Ijumaa hii, baada ya sala. Tunajua sarafu yake itadondokea Mutsamudu, na kisanduku cha hapa hakitapata kitu.

Tunaomba fundi aje Jumamosi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, awatunze wazazi wako, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Akina Mama Wauza Matunda na Mboga wa Badjanani, Moroni
Imesomwa kwa niaba yao na Koultoumi, 1977