Wivu wa Mke wa Bwana Mifugo

Ndugu mgeni rasmi, Katibu Tarafa wetu. Mheshimiwa Diwani wa hapa Dutwa. Wakuu wa idara mliotoka Bariadi mjini. Wazee wetu wafugaji mliofunga safari tangu Mwanhuzi. Shemeji yangu Bwana Bundala na ukoo wote ulioketi nyuma yake. Na ninyi kina mama mlioamka na kuku kutupikia: nawaamkia nyote, mwadila.

Naona ni wachache walioitikia. Sishangai, kwa maana si kawaida mke wa mstaafu kupewa nafasi ya kusema, na hata mimi nimeambiwa niseme shukrani tu, kwa kifupi, kisha chakula kiletwe. Nitashukuru. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akishapewa ubao huwa haachii mpaka somo limalizike.

Ninyi nyote mnaniita Mwalimu Nyamizi. Wanawake wa rika langu hapa wanaitwa Mama Mihayo, Mama Kija, Mama Winnie. Mimi naitwa kwa kazi yangu, kwa adabu, kwa sababu hakuna mtoto wa kuniitia jina lake. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani ninalizungukia.

Nimewasikiliza tangu mchana mkimsifu Bwana Ngeleja, mume wangu. Mmesema ni mpole, mmesema ana subira, mmesema hakuna dume kuanzia hapa mpaka Meatu ambalo hakulipima. Yote ni kweli, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ila kila sifa iliponifikia nilijiuliza: huyo mpole ni yupi, na mbona nyumbani kwangu sikumwona? Mtu huyu alikuwa akitoka kabla hatujanywa chai, kwa kuwa kuna ng'ombe wa fulani ameingia joto, anataka dume. Joto la ng'ombe alilijua kwa kumtazama tu mkia. Mimi nikiumwa homa mpaka meno yagongane, ilibidi nimwambie.

Nilimwonea wivu ng'ombe. Acheke anayetaka kucheka. Kuna siku alinichukua nikamsaidie, nikamwona akipasha moto kile kioo chembamba cha hadubini katikati ya viganja vyake, akikipulizia pumzi taratibu, kwa sababu mbegu za dume zikiguswa na kioo baridi hufa. Miaka yote ya ndoa yetu mikono hii haijapuliziwa hivyo hata wakati wa kipupwe.

Siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia. Mzee Jilala, yuko pale mbele, ndiye mwenye habari. Alikuwa na nzagamba, dume lake jekundu, fahari ya boma zima, vijana walilitungia nyimbo. Mwaka ule ng'ombe wake mmoja alipandwa akarudia joto, yaani hakushika mimba. Mzee akasema ng'ombe huyu tasa, akampeleka mnadani, akachinjwa. Wa pili naye akapandwa, akarudia joto. Naye akaenda mnadani. Dume likabaki linaimbiwa. Alipomshika wa tatu kamba ndipo mume wangu akatokea, akasema, "Baba, ng'ombe mmoja akirudia joto, mtazame ng'ombe. Wakirudia wawili, usimguse wa tatu. Lipime dume."

Mzee Jilala alikasirika, kwa maana katika maboma yetu nani amewahi kulishtaki dume? Lakini alikubali. Mbegu zikakusanywa, zikawekwa kwenye kioo, nami nikainamishwa nitazame. Hapakuwa na kitu kinachokwenda. Chache zilikuwapo, zimekunjika mikia, zimelala. Ndipo mume wangu akaketi juu ya debe akatufundisha wote, na niseme kweli, mimi mwenye cheti cha ualimu sikupata kusikia somo tamu kama lile.

Alisema jike huzaliwa na mayai yake yote. Mtamba, yaani ndama jike, angali tumboni mwa mama yake, mayai yake yameshawekwa ndani yake, machanga, yamelala, hivi kwamba ng'ombe mwenye mimba ya mtamba amebeba na mbegu za wajukuu wake. Akishapevuka, kila baada ya wiki tatu hivi moja hukomaa na kushuka. Mengi hufa bila kuitwa. Na hakuna jipya linaloongezwa. Dume yeye hungoja mpaka abalehe, na akishaanza haishiwi mapema. Kila siku ndani ya korodani chembe mpya zinaanza kugawanyika, urithi wake unapunguzwa uwe nusu, kwa maana nusu nyingine itatoka kwa jike, kisha zinaota mikia. Kazi hiyo huchukua kama miezi miwili. "Kwa hiyo baba," akamwambia mzee, "unachokiona leo kilianza zamani. Dume lako liliugua ndigana, homa ikaziunguza zikiwa jikoni. Lipe muda zipikwe nyingine."

Mzee Jilala alisubiri, na ng'ombe wakashika mimba mmoja baada ya mwingine. Siku alipoleta maziwa kwetu kushukuru hakuwa na furaha kama nilivyotarajia. Alisema, "Mwalimu, nimekula ng'ombe wazima."

Kuna jambo jingine alilifundisha siku ile juu ya debe. Alisema chembe moja ya dume huishia kuwa mbegu nne, zote sawa. Chembe ya jike nayo hugawanyika, lakini hutoa yai moja tu, maana chakula chote anapewa mmoja, na ndugu zake wanaachiwa makombo wanayeyuka. Somo hilo nililielewa vizuri zaidi mwaka alioletwa Violeth.

Ndiyo, nimemtaja. Amekaa pale karibu na sufuria, mke mwenzangu, binti wa Mwanhuzi kule Meatu. Shemeji Bundala na ukoo walisema miaka imekwisha na Nyamizi hazai, wakaswaga ng'ombe wa mahari mpaka Meatu wakaja naye. Akajengewa nyumba ya bati, mimi nikiwa chini ya nyasi. Alinunuliwa khanga doti mbili kabla hata hajazoea kisima. Nilimchukia Violeth, ndugu zangu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, sikumbakishia hata pembe. Na mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na sasa ni wa nne, na tumbo lake liko vilevile, na nilipoliona hivyo nilifurahi.

Wiki iliyopita nilisikia kwamba keshokutwa Jumamosi ukoo unamrudisha kwao, na ng'ombe wakadaiwe. Niliposikia niliingia jikoni nikacheka peke yangu. Jioni yake akaja, akasimama mlangoni na ndoo yake, akaniuliza, "Dada, na wewe walikuwa wanakutazama hivi, tumbo kwanza, halafu uso?" Kweli walikuwa wananitazama hivyohivyo.

Ndugu mgeni rasmi, leo serikali imemwachia mume wangu hadubini ile. Mmesema siku hizi ni za soko huria, kazi hiyo sasa ifanywe na watu binafsi, na Jumatatu anafungua duka lake la dawa za mifugo barabarani pale. Tunaishukuru serikali kwa zawadi hiyo. Lakini nauliza mbele yenu, wafugaji: mtu akisema maisha yake yote kwamba wakirudia wawili lipimwe dume, je, nyumbani kwake hesabu hiyo inabadilika?

Shemeji, usiinuke, namaliza. Sisemi kosa ni lake. Nasema hajapimwa. Mwaka uliofuata harusi yetu alishikwa na matumbwitumbwi, mtu mzima, shingo ikavimba, kisha ugonjwa ukashuka mpaka pale ambapo hatupataji mbele ya wakwe. Mimi ndiye niliyemnywesha uji. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema asijipime. Na huenda akapimwa akakutwa mzima, basi nami nitanyamaza.

Wala msidhani nimekuwa mtakatifu leo. Wivu ninao bado, na nitawaambia ulipo. Yeye, kama homa ile haikumaliza yote, anaweza kutengeneza mbegu mpya hata sasa, na mvi zake. Mimi akiba yangu niliwekewa tumboni mwa mama yangu, sikuongezewa hata moja, na imekwisha; imekwisha nikisubiri, nikitazamwa. Dawa ikipatikana, atakayeitwa Mama fulani ni Violeth. Nitasikia jina hilo likiitwa uani kwangu kila siku, na litaniuma kila siku. Najua hivyo, na bado nasema asirudishwe.

Bwana Ngeleja, mume wangu, umewahurumia ng'ombe wa watu wote. Mimi nimekwisha kuliwa, sidai. Huyu kamba yake bado iko mkononi mwa ndugu zako. Kesho ni Ijumaa, na kesho inatosha. Wa kwanza kuwekwa chini ya hadubini yako asiwe ng'ombe wa mtu. Na kama kesho itapita bure, Jumamosi wanaokuja kumchukua watanikuta nimekaa kizingitini kwake, mimi niliyemchukia, na watapaswa kunivuka.

Niliambiwa nishukuru kwa niaba ya familia. Basi kwa niaba ya familia, yaani mimi na mke mwenzangu Violeth, tunawashukuru kwa kuja, kwa zawadi, na kwa kunivumilia mpaka mwisho bila kunikalisha. Asanteni kwa kunisikiliza. Chakula sasa kiletwe.