Jioni za Mwalimu Mgeni

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe uliyepewa kiti chenye mto. Mwalimu mkuu. Mwenyekiti wa kamati ya shule. Walimu, wazazi. Wanafunzi mliokaa chini juani, poleni. Na vibarua wenzangu mliojificha nyuma ya tangi la maji, nawaona. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ndiye Mzee Karai. Jina langu lingine liko kwenye kitambulisho, hapa halina kazi. Nimeambiwa niseme kwa niaba ya vibarua tuliojenga madarasa haya. Madarasa mnayaona. Yamesimama. Mvua imenyesha wiki nzima na hayavuji. Hotuba ya vibarua imeishia hapo.

Muda uliobaki naomba nimseme mtoto wangu.

Ndiyo, yule pale, mwalimu wa darasa la tatu aliyeinamisha uso. Inua uso, mwanangu. Bado sijaanza.

Wengine hamjui. Huyu mnayemwita mwalimu mgeni ni binti yangu wa pekee. Mama yake alishatutoka. Nyumbani tumebaki mimi, yeye na madaftari. Madaftari ndiyo mengi.

Alipoajiriwa tu, alinunua raba. Nyeupe. Akaniambia, "Baba, kazi hii ni kukaa na kusimama. Nisipofanya mazoezi nitaharibika." Nikamwambia vizuri. Mimi mazoezi yangu ni zege, sihitaji raba. Basi zile raba zikakaa mlangoni. Zikakaa weee. Buibui akahamia kwenye moja. Sisemi uongo, Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemtoa huyo buibui.

Sasa nani alimnyima nafasi ya kuzivaa? Ngojeni niwataje.

Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi napokea makarai ya zege, na dirisha la ofisi ya walimu liko chini yangu. Naona kila kitu. Mwalimu wa taaluma, mbona unatafuta pa kutazama? Wewe nitakufikia. Binti yangu alijipangia vizuri kabisa. Aliacha nafasi moja tupu kwenye ratiba yake, azunguke uwanja kidogo. Lakini nyie walimu mna ugonjwa mmoja. Mkiona mwalimu mgeni ana nafasi tupu, mnawashwa. "Mwalimu, naona hapa huna kipindi, hebu nishikie darasa la sita, nafika benki mara moja." Mara moja gani hiyo ya kurudi kesho? Na yeye anaitikia kila kitu. "Sawa kaka. Sawa dada. Hamna shida." Shida ipo! Mimi naiona toka juu, nina karai mikononi, hata kupiga kelele nashindwa.

Akahamia kwenye kamba. Aliingia stoo ya mipira, akafunga mlango, akaruka. Mlango ule una tundu, na hii ni shule. Kidogo tu, nje pamejaa watoto, wanamhesabia kwa sauti moja, na akikosea wanasema, "Aaaah!" Alitoka mle ndani ameficha kamba kwenye gauni kama aliyeiba. Mnacheka nyie wa darasa la tatu? Si ndio nyie mliokuwa mnamwomba kila asubuhi, "Mwalimu, turukie kidogo"?

Basi akasema atakimbia jioni, mtaani. Wazazi, hapa mnaingia nyie.

Anatoka nyumbani anakimbia vizuri, kifua mbele. Hajafika hata duka la kona. "Mwalimu! Mwalimu! Hivi huyu wangu anasoma, au anakalia kiti tu?" Anasimama, anaeleza. Anaondoka, hajapata hata jasho, fundi baiskeli anamwita. "Samahani mwalimu, mbona mwanangu kila siku anarudi na kalamu za wenzake?" Anasimama, anaeleza. Mtu ametoka kwenda kukimbia, anarudi amefanya kikao cha wazazi. Siku moja alirudi na daftari mkononi, eti mzazi kampa palepale barabarani akasahihishe. Nikamuuliza, "Umekimbia, mwanangu?" Akanijibu, "Baba, nimesimama mpaka miguu imevimba."

Angeweza kuwapita tu. Lakini ana adabu. Adabu nyingine ni mzigo, lakini ndiyo hivyo, anayo.

Cheka, cheka. Hata mimi nacheka. Kuna siku sikucheka.

Alikuwa mwalimu wa zamu. Watoto wamepanga mstari. Nikamwona toka juu anashika ukuta, halafu anakaa chini. Mwalimu hakai chini mbele ya mstari, hata mimi niliyeacha shule mapema najua. Niliachia karai likaenda lenyewe. Bahati chini hapakuwa na mtu. Nilishukaje, sijui.

Kule zahanati nesi akampima. Akampima tena. Akaniuliza, "Mzee, kwenu kuna mwenye presha?"

Nikamwambia, alikuwepo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kazi ya kukaa, mgongo umepinda, toka asubuhi. Daktari alimwambia, "Mama, tembea." Mimi jioni namwambia twende basi tunyooshe miguu, ananijibu, "Ngoja nimalize gauni hili." Likiisha hilo linakuja jingine. Watu walivaa, wakapendeza. Yeye tukamzika.

Sasa binti yangu namwambia toka nje kidogo, anasema, "Baba, ngoja nimalize daftari hili." Kwa sauti ileile. Nitamwambia nini? Madaftari ni ya watoto wenu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja, yuko hapa. Mama mfua nguo, simama wakuone. Hataki. Haya, kaa.

Alimkuta mwalimu njiani, akaanza kama kawaida, "Mwalimu, simama kwanza." Binti yangu akamwambia, "Mama, nisamehe, nesi amenikataza kusimama. Nimeambiwa nitembee." Mwingine angenuna. Huyu mama akajifunga nguo kiunoni, akasema, "Nani kakwambia usimame? Tembea, nakuja. Nina ndala na nina maneno, vyote vinatembea." Wakaenda wote mpaka kule kwenye daraja, wakarudi, mtoto amezungumzwa kuanzia hesabu hadi usafi wa kucha.

Kesho yake wakaja mama wawili zaidi. Siku hizi jioni ni msafara. Mzazi anayetaka habari za mtoto wake anazifuata kwa miguu. Fundi baiskeli alikuja na baiskeli, wakamfukuza. Na mimi nikitoka kazini nafuata nyuma, nasikiliza. Nimeona kitu kimoja: mtu akiwa anahema hana muda wa lawama. Anauliza moja, anajibiwa, anaomba maji.

Juzi nesi kampima. Presha imeshuka. Zile raba nyeupe sasa hivi zina rangi ya barabara, na ya kulia imetoboka kwenye kidole. Sijawahi kufurahi hivi kuona kiatu kimeharibika.

Sasa Mheshimiwa unajiuliza, huyu mzee kwa nini asiyaseme haya nyumbani kwake?

Kwa sababu ya chumba hiki hapa nyuma yangu, hiki unachokwenda kukikatia utepe. Jana tulikuwa tunakifagia. Akaingia mwalimu wa taaluma na walimu wengine. Akasema, "Hapa tutaweka masomo ya jioni, kila siku. Mwalimu mgeni atayashika, maana yeye hana mume wala mtoto." Binti yangu alikuwa amesimama palepale. Akasema nini? Semeni wenyewe, mnamjua. "Sawa kaka, hamna shida."

Ni kweli, hana mume. Hana mtoto. Ana baba.

Na huyo baba zege ya chumba hiki ameibeba kichwani. Sikuibeba ili mwanangu afungiwe humo kila jioni mpaka akae chini tena, na safari hiyo asinyanyuke.

Sisemi watoto wasisome. Wasome! Ninachosema, walimu mko wengi. Kule juu ya jukwaa karai halikai kwa mtu mmoja, linapita mkono kwa mkono, na nyumba inaisha. Nyie mnashindwa nini?

Mwalimu wa taaluma, sasa nimekufikia. Simama. Usiogope, leo sina karai. Unasemaje kuhusu hizo jioni?

"Tutaangalia"? Hapana. "Tutaangalia" naijua. Msimamizi wetu tukimwomba glavu anasema hivyohivyo, na mikono yetu hii hapa, itazame. Sema lingine.

Kwa sauti, vibarua hawasikii.

"Tutapeana zamu." Haya. Mheshimiwa umesikia. Mwalimu mkuu ametikisa kichwa juu chini, nimemwona, na watoto wote wamemwona, na watoto hawasahau. Kaa bwana mdogo, asante. Wewe si mbaya, una shule tu imekujaa kichwani.

Lakini haijaisha. Maana huyu atapanga zamu leo, wiki ijayo mmoja ataumwa jino, mwingine atasafiri, na zamu zote zitarudi kwa yule asiyejua kukataa. Mwalimu wa taaluma, samahani, simama tena. Muulize hapa hapa, mbele ya watu: "Mwalimu, utanishikia jioni zote?"

Ameuliza. Mwanangu, jibu. Usinitazame mimi.

Sauti hiyo ndogo. Hata aliyekaa karibu nawe hajaisikia. Darasa la tatu, nyamazeni mwalimu wenu aseme.

...

Mmesikia? "Hapana, kaka. Zamu yangu nitashika, za wengine hapana." Amesema mwenyewe, sikumlisha maneno. Pigeni makofi, pigeni! Neno hilo mama yake hakuwahi kuliambia hata gauni moja.

Mheshimiwa, mkasi huo kwenye sahani. Kata taratibu ukipenda, lakini jua linashuka, na akina mama wale wa nyuma wameshaanza kufunga kamba za viatu. Ukiwa na swali lolote kuhusu shule hii, ungana nasi, tutakujibu tukitembea.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Shikeni kipaza sauti chenu.