Tone la Liwa kwenye Paji la Jhinuk

TAMAL: Haloo? Nani mwenzangu?

HEMNALINI: Haloo, Tamal? Ni mimi, baba. Mama yako mdogo, mashima wako wa Konnagar.

TAMAL: Mashima... shikamoo.

HEMNALINI: Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?

TAMAL: Nimekunywa. Sauti yako inakatika-katika.

HEMNALINI: Niko juu ya paa, huku ndiko mtandao unakopatikana. Binti wa jirani amenishika mkono ngazi zote, kisha akanipangusia na kigoda. Haya, kesho ni siku ya Jhinuk. Nimepata sukari guru mpya ya mtende kwa ajili ya payesh, wali wake wa maziwa, na liwa nitaisaga asubuhi. Nije saa ngapi?

TAMAL: Kesho...

HEMNALINI: Baba yako ndiye aliyekuwa akinipigia kila mwaka, Mungu amlaze pema. Sasa hayupo, nikaona nipige mimi. Binti yangu angetimiza hamsini na saba, fikiria. Magoti yangekuwa yanamuuma kama mimi.

TAMAL: Mashima, kesho nyumba imejaa mafundi. Wanapaka rangi.

HEMNALINI: Nitakaa hata jikoni. Mniletee hukohuko ile picha aliyochorwa na baba yake, nimtilie tone lake la liwa kwenye paji kama mtoto yeyote siku yake ya kuzaliwa, nimwekee bakuli, niondoke. Nusu saa tu. Baba yako alikuwa akizima feni ili taa yangu ya mafuta isizimike, anatoka, anafunga mlango. Miaka hamsini na moja, hajaniuliza hata mara moja nachelewa nini.

TAMAL: Picha... iko kwa fundi wa fremu.

HEMNALINI: Yule mzee wa karibu na soko? Ananijua, nitapitia kwake.

TAMAL: Si yule. Mwingine. Yuko mbali.

HEMNALINI: Mbali kiasi gani?

(Mtandao unakwaruza.)

HEMNALINI: Tamal. Ulipokuwa na miaka minne ulikomba payesh kabla haijafika mbele ya picha, ukasema ni paka. Wali umekujaa mdomoni. Sauti ilikuwa hiihii.

TAMAL: Mashima, mimi—

HEMNALINI: Umeiuza?

TAMAL: Si mimi peke yangu. Kaka anataka fungu lake, dada naye anapiga kutoka ng'ambo kila wiki. Nyumba inavunjwa, wanajenga ghorofa. Picha zaidi ya mia mbili alizokusanya baba, tungezitundika wapi? Zilikwenda mnadani wakati wa mvua. Zote.

HEMNALINI: Zote.

TAMAL: Ile ya Jhinuk ndiyo iliyogombewa kuliko nyingine. Walisema hakuna kazi ya mumeo inayoifikia. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

HEMNALINI: Walimpigia makofi. Ilipomalizika, mume wangu hakuweza kulala nayo chumba kimoja. Watu walikuja, wakaitazama, wakaenda zao. Nani anataka kutundika mtoto wa watu aliyekufa? Baba yako akamwambia, "Nishikanta, picha itakaa kwangu, lakini mtoto ni wenu. Kila siku yake ya kuzaliwa, mama yake aje." Basi. Hawakuandikiana.

TAMAL: Ndiyo hiyo. Wakili aliuliza kama kuna karatasi.

HEMNALINI: Hakuna. Hata picha ya kamera hatuna. Tulisema tutamwita mpiga picha akianza shule. Homa ikamwahi.

TAMAL: Nilitaka kukuambia. Nimeshika simu mara nyingi.

HEMNALINI: Uliogopa. Huyo aliyemchukua ana watoto?

TAMAL: Hatujui ni nani, ameficha jina. Wala hajaitundika. Iko ghalani, Mumbai, ndani ya sanduku la mbao. Chumba kina kiyoyozi usiku na mchana. Anasubiri bei ipande.

HEMNALINI: Ndani ya sanduku.

TAMAL: Iko salama, mashima. Hakuna mchwa, hakuna ukungu.

HEMNALINI: Yeye hakuwa akiogopa giza. Mwoga nilikuwa mimi.

TAMAL: Haloo? Uko hapo?

HEMNALINI: Nipo.

TAMAL: Sikiliza, kuna kitabu cha mnada. Wamemchapisha ukurasa mzima, kwa rangi. Nitakuletea mwenyewe kesho asubuhi.

HEMNALINI: Mzima kabisa?

TAMAL: Kabisa. Chini yake wameandika, "Msichana mwenye gauni la manjano. Haina jina."

HEMNALINI: Ana jina. Lakini si neno. Asante, baba, hicho kitatosha. Macho yangu siku hizi hayamshiki mzima kwa pamoja. Naanza na lile tone, nashuka kwenye nyusi, ndipo nampata. Tone linaonekana vizuri kitabuni?

TAMAL: Mashima, mtandao—

HEMNALINI: Mimi nakusikia. Linaonekana?

TAMAL: Kabla ya mnada wataalamu waliikagua. Wakasema pajini kuna doa. Gumu, limepandana kama ukoko. Kwamba linaharibu kazi. Wakalisafisha.

HEMNALINI: Lote?

TAMAL: Lote.

HEMNALINI: Baba yako aliwakataza watumishi hata kupangusa vumbi pale. (Mlio: tii, tii.) Ngoja. Salio linakwisha, nijibu upesi. Walipomwosha uso, maji yalikuwa ya uvuguvugu?

TAMAL: Mashima, wale hawatumii... Ndiyo. Ya uvuguvugu.

HEMNALINI: Na kitambaa?

TAMAL: Laini. Cha pamba.

HEMNALINI: Alikuwa akilia nikimwosha kwa maji baridi. Hata baba yako hakujua kudanganya, lakini asante kwa kunijibu hivyo. Njoo mapema, payesh ikiwa bado moto. Vaa sweta, kuna umande. Na safari hii ungoje kwanza yeye awekewe, usije uka—

(Simu inakatika.)

TAMAL: Mashima? Wataalamu waliniuliza lile doa ni la nini. Nikawaambia sijui. Mashima? Haloo?