Vifaranga wa Mama Mmoja

Jumatatu iliyofuata Idi, samaki wote wa Yasiin walielea tumbo juu kwenye bwawa alilochimba na marehemu mkewe. Leo, ndani ya teksi ya abiria iendayo Ggaba, alikuwa amepakata mfuko wa maji wenye vifaranga wapya wa samaki, waliotolewa na serikali. Kando yake alikaa dada mwenye shati la ofisi ya uvuvi.

"Wale waliokufa walikuwa wa mama mmoja, mzee," alisema dada. "Askari wa damu yao, wanaopigana na magonjwa, walifanana. Ugonjwa uliomshinda mmoja ukawashinda wote, hata baada ya kuchanjwa."

"Na aliyenigawia wa mama mmoja nani, nyabo, dada yangu? Si nyinyi?"

"Wakubwa wa ofisini, mzee wangu."

"Wakubwa! Samaki wangu wanaoza, wao wananenepa!"

Teksi ikasimama Kansanga. Dada akashuka mbio kama abiria aliyekosa nauli. Yasiin akauinua mfuko dirishani: "Na hawa mlionipa leo, mama zao wangapi?"