Walipoacha Kuniogopa

Ndugu zangu, haya makovu ya shingoni mmeyaona siku nyingi na hamjaniuliza. Leo nayasema mwenyewe.

Viwanda vya samaki vilipofunguliwa hapa Mwanza, akina mama tuligombea mapanki getini, ile mifupa ya sangara inayobaki wakishatoa minofu. Pale ukionewa ukanyamaza, kesho kila mtu anakuonea. Basi nikajifunza kupiga kwanza. Kuna mama nilimng'oa jino kwa kuniangalia vibaya tu. Wakaniita Chuma, nikaamini kuogopwa ndiyo ulinzi. Nawaambia, kila niliyempiga alikuwa na ndugu.

Asubuhi moja mwenzangu, simtaji, alinipita kwenye foleni. Nikamwangusha, nikamkanyaga mkono mpaka ukavunjika. Watu wakacheka.

Kesho yake nimeinama nakaanga mapanki ya kuuza, dada yake akaja. Akachota mafuta kwenye karai langu kwa kopo, akanimwagia shingoni. Ngozi ikalia kama samaki anayekaangwa. Nilipiga kelele, watu wakasimama kutazama. Nikasikia mmoja anasema, "Mwacheni, na yeye aonje."

Ni mama mmoja tu aliyenisogelea, tena niliwahi kumchania nguo. Alinifunika kitenge kibichi, akanivusha kwa kivuko hadi hospitalini Sengerema, maana mjini ndugu wa yule niliyemvunja mkono walikuwa wameapa kunimaliza.

Kaka zangu wakanifuata wodini na chupa ya tindikali. Mkubwa akaniinamia.

"Dada, anakaa wapi?"

Nilipajua, ni Kiseke. Na nilitaka, ndugu zangu, siwadanganyi. Lakini nikajiuliza, wakishamchoma huyo, ndugu zake watamchoma nani? Nina binti. Nikamwona yeye.

Nikasema, "Sisemi. Niitieni polisi."

Akanitemea mate usoni. Kwetu anayekimbilia polisi ni mwoga. Wakaondoka, hawakurudi.

Polisi niliwaeleza yote, pamoja na ule mkono. Tulifungwa wote wawili, mimi na aliyenichoma. Tangu nitoke nimetukanwa, nimesukumwa, nikapita zangu. Hakuna aliyenifuata nyumbani.

Mabinti zetu tunawaambia wasikubali kuonewa. Sawa. Waambieni pia kwamba kuondoka si kushindwa.

Nawashukuru wauguzi, na ninyi mlionipokea nikitoka gerezani. Na yule mama aliyenivusha yuko hapa, benchi la nyuma. Kaa tu, mama, najua hupendi kutazamwa. Binti yangu ni mzima. Asante.