Mfungo wa Siku Saba na Ndoo ya Juisi Nyekundu

Asifiwe Bwana anayetuliza mtoto na mama yake pia! Ndugu zangu, mmenizoea nikisimama hapa kuomba maombi. Leo nimesimama kushukuru. Mimi ni Mama Ineza wa mtaa wa Bwiza, muuza vitenge. Ineza wangu wa miaka sita wengi mnamjua. Baadhi yenu amewauma!

Asubuhi mtoto huyu alikuwa mpole kabisa. Anakunywa uji, anaenda shule. Lakini akisharudi na kukaa nami dukani kidogo, anageuka. Anapanda meza, analia bila sababu, anapiga wenzake. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi: akitoka shule ya Jumapili anakimbia kati ya viti mhubiri akihubiri, nami natazama chini kwa aibu.

Jirani yangu Mama Divine, anayenipenda kweli, akaniambia, "Mama Ineza, uyu mutoto iko na kitu. Umupeleke kwenye chumba cha maombi kule kilimani, abaki kule mwezi muzima."

"Mwezi bila mimi?"

"Shetani haogopi mama! Anaogopa maombi."

Ineza alikuwa nyuma ya mlango, akasikia. Kesho yake alimwaga sufuria ya maharagwe, akanitazama, akasema, "Mama, si mi. Ni shetani yangu."

Ndugu zangu, lisikieni neno hilo. Alisema "shetani yangu" kama mtoto mwingine anavyosema "kiatu changu". Nikaona, nikimpeleka kule, atarudi ameamini hivyo maisha yake yote.

Nikaamua kwanza tufunge nyumba nzima, siku saba. Sisi wakubwa tulikula jioni tu. Mtoto hafungi chakula, kwa hiyo yeye nilimfungia vitamu vya dukani: hakuna pipi, hakuna biskuti, hakuna juisi. Alikula ndagala, wale samaki wetu wadogo, maharagwe, ndizi, na chai yake ya sukari. Siku ya tatu nilimkuta amekaa dukani anachora. Siku ya tano aliimba nasi wimbo mzima bila kuinuka. Ya saba, Mama Divine alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

Basi tukafanya ibada ya shukrani nyumbani. Kwetu mgeni haondoki na koo kavu, kwa hiyo nilikoroga ndoo nzima ya juisi ya unga, ile nyekundu tunayoijua sote. Ineza alikunywa vikombe vitatu. Kabla ya sala ya mwisho alikuwa juu ya meza. Mama Divine alimshika, akaumwa mkono!

"Shetani amerudi na wenzake saba!" akapiga kelele. Watu wakasimama kukemea.

Lakini Dada Chantal, muuguzi tunayeomba naye, alikuwa anatazama kikombe. "Mama Ineza, siku zile saba alikunywa hii?"

"Apana, tulikuwa tunafunga. Hata kanisani hakunywa."

"Na mbele ya kufunga?"

Nikaitazama ndoo. Kila siku, ndugu zangu! Akitoka shule, mimi mwenyewe nilimkorogea kikombe ili atulie niuze. Na Jumapili, watoto wote wanapewa baada ya mafundisho.

"Basi muache kukemea mutoto," akasema. "Mukemee kwanza iyi ndoo."

Alinieleza polepole, nami nawaeleza vilevile. Unga ule unatiwa rangi za kiwandani. Watoto wengi wanakunywa na hawapati shida yoyote. Wachache, rangi hizo zinawaletea hasira na kutotulia. Nilidhani ni sukari, lakini chai yake ilikuwa na sukari siku zote saba. Akaniambia nisiamini haraka, nijaribu: wiki mbili bila rangi, halafu kikombe kimoja, na kila siku niandike kwenye daftari. Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu daftari lilisema jambo lilelile: bila rangi ametulia, akinywa kikombe anapanda meza.

Sikatai maombi, msinielewe vibaya. Ni katika kufunga ndipo Mungu alinifungua macho! Lakini aliyefunguliwa ni mimi. Mtoto hakuwa amefungwa na kitu.

Nilimketisha Ineza nikamwambia, "Mwanangu, huna shetani. Hujawahi kuwa naye. Ni rangi ya juisi iliyokusumbua, na mama hakujua. Unisamehe."

Akafikiri. "Na Mama Divine, nani alimuuma?"

"Ni wewe."

"Mi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

Akavaa viatu, akaenda kwa jirani peke yake kuomba pole. Nilisikia Mama Divine akicheka hadi kwangu.

Bado ana utundu wake, ana miaka sita. Lakini sasa akivunja kitu anasema, "Ni mi, Mama." Kwa neno hilo namshukuru Mungu! Mama mwenye mtoto kama wangu, usimwite jina baya. Omba, mtumaini Bwana, kisha njoo kwangu Bwiza na daftari. Tutaanza pamoja.